Mizani Nne Zilizozidi

"Mbuga ya Nyamkoga haina mkazi," alisema Karani. "Maji yatafunguliwa kuelekea huko saa nane kamili mchana."

Alisema kwa sauti ile ile aliyonitakia nayo asubuhi njema. Nilikuwa nimeshika kikombe cha chai ya tangawizi. Nikakiweka mezani, nikatazama saa ya ukutani: saa nne na robo.

"Rudia."

"Mbuga ya Nyamkoga haina mkazi."

"Karani, mama yangu mdogo yuko Nyamkoga."

"Jina lake?"

"Siwatu binti Ngwele."

"Siwatu binti Ngwele ana nyumba Kitongani, mtaa wa Mkwajuni. Nyumba hiyo iko salama."

"Hayuko Kitongani! Huu ni msimu wa mpunga. Yuko shambani, juu ya dungu lake, anafukuza ndege. Kijiji kizima kiko huko. Tuma membe wako wakatazame."

"Wameshatazama. Kuna vichanja arobaini na kimoja, juu ya nguzo."

"Na juu ya vichanja?"

"Wapita njia mia mbili na kumi na wawili."

Karani hakuwa na macho ambayo ningeweza kuyakodolea yangu. Alikuwa mtambo uliofukiwa ndani ya mwamba, mita thelathini chini ya sakafu ya Boma la Mkataba, pale Jimbo la Juu na Jimbo la Chini yanapopakana. Milango kumi na minane ya bwawa ilikuwa yake peke yake. Hapakuwa na gurudumu wala kitufe ambacho mkono wa binadamu ungeweza kukifikia. Mtoni alikuwa na vipimo elfu moja na mia moja, vidogo kama punje za mahindi, vilivyomwambia kina na kasi ya maji kila nukta. Sisi tuliviita kunguni. Angani alikuwa na ndege zake nyeupe zisizo na rubani, wale membe. Na gatini Kitongani alikuwa na mashua themanini za uokoaji, zilizojiendesha zenyewe kwenda popote alipozituma.

Alizituma palipo na nyumba. Huko ndiko king'ora kilikolia, na huko ndiko maji yalikozuiwa yasifike. Kwingineko kote kulikuwa mbuga.

Nikampigia simu mama mdogo.

"Shikamoo mama mdogo."

"Marahaba baba! Leo umenikumbuka? Mshairi mkubwa, mnywa chai ya serikali. Umeoa?"

"Mama mdogo, nisikilize."

"Hujaoa. Haya, sema."

"Maji yamefika wapi hapo?"

"Yako ngazi ya tatu, yanatusalimu. Ndiyo desturi yake. Nimewapandisha kuku, nimepandisha kuni, mpunga wangu unaogelea. Mpendu hapa jirani anaimba tangu alfajiri, anasema nguruwe pori wamehama, kwa hiyo tumeshinda vita. Nimwambie anyamaze? Ana sauti kama bawaba."

"Karani anafungua milango saa nane. Anawaletea ninyi maji yote. Mita saba."

Nikasikia kuku akilalamika, na mvua ikipiga makuti.

"Dungu langu lina mita tatu," akasema.

"Najua."

"Si atume zile mashua zake?"

"Zinakwenda palipo na nyumba tu."

"Na hii ninayoikalia ni nini? Kofia?"

Dungu, kwa asiyelijua, ni kibanda cha fito na makuti kilichoinuliwa juu ya nguzo ndefu katikati ya shamba. Wazee wetu wa Rufiji walilibuni kwa ajili ya mto huu. Maji yakija hupita chini, na mtu hukaa juu, akapika, akalala, akazaa. Kwa nusu ya mwaka watu wa Nyamkoga hawana makao mengine. Nyumba zao za mjini hubaki na kufuli na panya.

"Nani kasema hii si nyumba?" akauliza tena.

"Sheria," nikasema. Niliishia hapo, kwa uoga. "Mna mitumbwi mingapi?"

"Saba. Lakini mwanangu, mkondo wa leo unang'oa miti. Nani atapiga kasia mpaka nchi kavu? Ni mwendo wa saa nne mto ukiwa umelala."

"Wapakieni watoto. Sasa hivi. Mimi naishughulikia sheria."

"Ishughulikie basi," akasema. "Si wewe mwenyewe uliyeitunga? Hapa nimewatangazia wote. Watoto wanauimba ule ubeti wako wakiruka kamba."

*

Vita vya maji vilidumu miaka kumi na tisa. Jimbo la Juu lilijenga kuta likasukuma mafuriko kwetu; sisi tulizivunja kuta hizo. Mikataba sita iliandikwa na yote sita ikachezewa. Katika mmoja mkato ulihamishwa, katika mwingine ukurasa mzima ulibadilishwa. Palipoandikwa "mto" pakasomeka "mito", na wilaya nzima ikazama kwa kiambishi kimoja.

Mkataba wa saba ulipokuja, wazee wa pande zote mbili walikataa karatasi. Walisema wanataka maneno ambayo mkulima anaweza kuyabeba kichwani, na ambayo mwizi akiyagusa kila sikio litajua. Ndipo mafundi wa Karani walipogundua kwamba kufuli hilo tulikuwa nalo tangu zamani. Ushairi! Mstari wa mizani kumi na sita, nane kwa nane, wenye vina kati na mwisho, hauibiki. Ukichomoa silabi unachechemea, ukibadilisha neno kina kinalia. Karani akafundishwa kuhesabu mizani kabla ya kufundishwa kuhesabu maji. Tafsiri zote za Mkataba, maana ya mto, ya ukingo, ya nyumba, ya mkazi, zikatungwa kwa beti. Ubeti usiotimia aliukataa. Mabadiliko yoyote yalipaswa kughaniwa kwa sauti mbele yake na watunzi wawili walioandikishwa, mmoja wa kila jimbo, neno kwa neno. Yakikataliwa, hayarudiwi mpaka saa moja ipite, ili mtu asisimame pale akimsumbua kama mlevi anayegonga mlango.

Mtunzi wa Jimbo la Chini nilikuwa mimi. Nilikuwa na miaka ishirini na mitatu, sina cheti, na niliwashinda wenye vyeti wote. Ubeti wangu wa nane ndio huu:

*Nyumba ni jengo la mtu, lenye msingi na paa,*
*Mkazi ni mwenza wetu, ndani humo akikaa,*
*Pasipo na nyumba zetu, ndipo maji kusambaa,*
*Hili ndilo neno letu, halipindwi kwa hadaa.*

Wapima ardhi walikuwa wameniletea maelezo kwa nathari: *jengo la mtu lenye msingi au nguzo, na paa.* Niliyasoma mara moja nikayahesabu kwa vidole. Lenye msingi au nguzo na paa. Mizani kumi na mbili. Nne zimezidi. Nikatazama ni zipi zinazotoka bila kuvunja mlio, nikazipata mara moja: *au nguzo.*

Nilikuwa na nafasi ya kuandika mstari upya. Ningeweza kukaa siku nzima, hata wiki. Lakini mstari ulikuwa mzuri! Ulikwenda kama mtu anayeshuka ngazi za nyumba yake mwenyewe. Nikafuta. Nilijua dungu ni nini. Nilizaliwa juu ya dungu. Nilijiambia kila mtu anajua kwamba dungu ni nyumba, nani atahitaji kuambiwa?

Karani alihitaji kuambiwa.

*

Kuanzia saa tano mpaka saa sita nilipigana na mstari ule. Nilitaka kuziingiza zile mizani nne na kubakiza mwisho wa *aa*. Kila nilipoiingiza nguzo, paa lilianguka nje. Nilichana karatasi, nikatukana, nikapiga meza. Mimi, niliyewahi kutunga beti ishirini nikisubiri chapati iive, sikuweza kutunga nusu mstari.

Saa sita Bi. Twilumba Kihwele aliingia, koti lake linachuruzika maji, chupa ya togwa kwapani kama kawaida. Yeye ndiye mtunzi wa Jimbo la Juu. Ana umri wa mama yangu.

"Shikamoo Bi. Twilumba."

"Marahaba. Nimesikia. Umepauka, kijana, kaa chini kwanza."

"Sikai. Nataka sauti yako. Tunabadilisha ubeti wa nane."

"Ukiubadilisha, maji yatakwenda wapi?"

Sikuwa nimeuliza. Natamani niseme sikuwa na muda, lakini ukweli ni kwamba sikutaka kujua.

"Karani," akasema Bi. Twilumba, "vichanja vya Nyamkoga vikiwa nyumba, itakuwaje?"

"Nyamkoga itakuwa na wakazi mia mbili na kumi na wawili. Njia ya pili ya maji ni korongo la Mng'aro, lenye wakazi mia moja sitini na watatu. Maji huenda kwenye wakazi wachache. Yatakwenda Mng'aro."

"King'ora kitalia?"

"Kitalia mara ubeti ukipokelewa, na mashua zitaelekea huko. Lakini njia ya kutoka korongoni ni daraja moja. Nakadiria vifo kati ya sitini na themanini."

"Na tusipobadilisha?" nikapaza sauti. "Nyamkoga watakufa wangapi?"

"Wakazi watakaokufa Nyamkoga: hakuna."

Bi. Twilumba alijimiminia togwa kifunikoni. Nyingine ikamwagika mezani.

"Mng'aro unaijua?" akaniuliza.

"Kota za wafanyakazi wa bwawa."

"Zamani walikaa juu mlimani, kwenye vibanda vya fito na nyasi. Ubeti wako uliposomwa redioni, walikuja kwangu kuniuliza maana yake. Nikawaambia: ukiwa na msingi, unahesabiwa. Wakavibomoa vibanda. Wakashuka korongoni kwenye udongo mgumu, wakafyatua matofali miaka minne. Wanawake walichimba misingi na watoto mgongoni. Wewe uliwaambia wachimbe, mshairi. Leo nikawaambie nini? Kwamba mtunzi alikosea kuhesabu?"

"Watu wangu hawakukataa kuchimba! Nyamkoga ukichimba msingi unachimba uji. Dungu ndiyo nyumba pekee ambayo ule udongo unaikubali."

"Naamini."

"Sasa? Mia mbili na kumi na wawili, Bi. Twilumba, kwa themanini. Hiyo nayo inataka vina?"

"Usinifokee. Mimi nahesabu tangu hujazaliwa." Akakifunga kifuniko cha chupa, akakifungua tena. "Leo tubadilishe kwa sababu una mama mdogo kwenye maji. Masika ijayo nitakuwa na shangazi kwenye maji, nitakuja na ubeti wangu. Keshokutwa atakuja mwenye binamu. Huo utakuwa mkataba au ngonjera? Watu waliacha kuuana kwa sababu maneno hayatikisiki maji yakifika mlangoni."

"Maneno yenyewe yakiwa ya uongo je?"

Aliisukuma chupa pembeni.

"Mwanangu Tuponile yuko Mng'aro," akasema. "Amejifungua wiki mbili zilizopita. Nimeanza na mengine ili usiseme nimeanza na hilo. Lakini sasa ujue kwamba lipo, na ujue kwamba mimi sijui ni lipi linalozungumza."

Hasira yangu yote ilikosa pa kushika. Nilitaka awe mwovu. Ingekuwa rahisi mno kama angekuwa mwovu!

*

Saa saba kasoro dakika tano simu ililia. Niliiweka wazi mezani, tukasikia sote wawili.

"Mwanangu, yako ngazi ya saba," mama mdogo alisema. "Mitumbwi imeondoka na watoto thelathini na nne. Mpendu kapanda mtumbwi wa kwanza kushika kasia, tumepata utulivu wa masikio. Sheria imefikia wapi?"

"Mama mdogo, ni mimi." Maneno yalinitoka kama matapishi. "Si sheria, ni mimi. Walisema *msingi au nguzo.* Nikaifuta nguzo. Ilizidisha mizani."

Mvua ilipiga. Nilingoja anilaani. Nilitamani anilaani.

"Ilizidisha kwa ngapi?"

"Nne."

"Kwa mizani nne." Akacheka, kicheko kikavu cha puani. "Bibi yako alijua alipomwita binti yake Siwatu. Haya. Na sasa umekwama?"

"Mstari hauji. Lazima uishie *aa*."

"Kwani lazima uanze kutaja nguzo, na fito, na misumari? Wewe tangu mdogo unapenda kuorodhesha. Nguzo ya nini? Sema tu ipo juu. *Nyumba ni jengo la mtu*..." Nikamsikia akigonga mbao kwa kidole, taratibu, kama anayepima chumvi. "*Hata juu likikaa.* Hesabu."

Nikahesabu. Ha-ta-ju-u-li-ki-ka-a. Nane.

Nane! Bi. Twilumba naye alikuwa amehesabu kwa vidole chini ya meza. Nikaviona vikisimama kwenye cha nane. Mstari ule ulikuwepo siku zote. Ulikuwa unanisubiri miaka sita iliyopita, na ungenigharimu mchana mmoja wa unyenyekevu.

"Ni huo," nikasema. "Lakini mama mdogo, tukiughani, maji yatakwenda kwa wengine. Kuna korongo, kuna watu. Na mtunzi mwenzangu lazima akubali. Yuko hapa, anakusikia."

"Nani huyo?"

"Naitwa Twilumba, dada."

"Habari za huko, dada Twilumba."

"Nzuri," akajibu Bi. Twilumba, maana ndivyo mtu anavyojibu.

"Hao watu wa korongoni, una wako?"

"Binti yangu. Na kitoto cha wiki mbili."

"Wa kiume?"

"Wa kike."

Tulisikia maji sasa, sauti pana, nzito, nyuma ya sauti ya mvua.

"Basi sikuombi kitu, dada," alisema mama mdogo. "Mwenye kitoto haombwi. Mwanangu, nawe usimsumbue mama wa watu. Ngoja niwafungulie hawa kuku, wasife wamefungwa miguu."

Simu ikakatika.

Bi. Twilumba alisimama akaenda dirishani, akatazama bwawa lililojaa hadi midomoni. Alikuwa na simu yake mkononi. Alilitafuta jina, nikaona kidole chake kikiwa juu yake. Hakupiga.

"Angeniomba," alisema akiwa amenipa mgongo, "ningekataa na ningelala."

Akageuka.

"Twende."

*

Kughani kulifanyika katikati ya ukumbi, juu ya bamba la shaba lenye mduara. Ilikuwa saa saba na dakika ishirini na mbili.

"Watunzi wawili wapo," alisema Karani. "Ubeti wa nane, mstari wa kwanza. Jimbo la Chini litangulie."

Nikasimama mduarani. Nilighani polepole, bila madoido, nikiogopa hata kupumua:

"*Nyumba ni jengo la mtu, hata juu likikaa.*"

"Mizani nane, mizani nane. Vina vimetimia. Sauti imetambuliwa. Jimbo la Juu."

Bi. Twilumba aliingia mduarani. Alivua miwani. Alikuwa mghani bora kuliko mimi, siku zote. Nimewahi kumsikia akighani beti sabini bila kujikwaa, na upepo unamtoa kilemba. Alifumba macho.

"*Nyumba ni jengo la mtu,*" alisema, na ilikuwa nzuri, ilikuwa safi. "*Hata juu*... e... *likikaa.*"

Ilikuwa sauti moja tu. E. Ndogo kama ya mtu aliyechomwa na mwiba.

"Mizani nane, mizani tisa," alisema Karani. "Ubeti umekataliwa. Mnaweza kuurudia saa nane na dakika ishirini na nne."

Nilimshika mabega. Nilimtikisa, Mungu anisamehe, mwanamke wa umri wa mama yangu. "Sema tena! Karani, msikilize, anasema tena! Alikuwa analia, ile si silabi, ile ni kilio!"

"Kilio kina mizani moja," alisema Karani.

Bi. Twilumba hakujitetea. Machozi yalikuwa yakimtoka, kwa hiyo ni kweli alikuwa analia. Lakini angelia kwa vyovyote. Nimeirudia ile sauti kichwani mara elfu, nikiipima, nikiisikiliza kama fundi anavyosikiliza ngoma. Mpaka leo sijui kama ile *e* ilikuwa kilio au uamuzi. Sijamuuliza. Nadhani hata yeye akiulizwa hatajua, na hiyo ndiyo adhabu yake. Yangu ni kwamba mimi ndiye niliyemweka mama mahali ambapo kukosea silabi kungemwokoa mjukuu wake.

Nikapiga simu. Iliita. Iliita mpaka saa nane kasoro dakika nane, ndipo akapokea.

"Umekubaliwa?"

"Bado," nikasema. "Bado kidogo. Saa nane na dakika."

"Saa nane na dakika," akarudia. Alikuwa anaijua saa vizuri kuliko mimi. "Sawa baba. Mstari lakini ulikuwa mzuri, sivyo?"

"Ulikuwa mzuri kuliko wangu."

"Basi sema ni wangu. Usije ukauwekea jina lako."

Saa nane kamili milango minane kati ya kumi na minane ilifunguka kwa pamoja. Sakafu ya Boma ilitetemeka. Vikombe vilitembea mezani vyenyewe. Kitongani hapakuingia tone. Mng'aro nguo zilizoanikwa barazani hazikupata hata rasharasha.

Nilibaki na simu sikioni muda mrefu baada ya kukatika.

*

Maji yalikaa Nyamkoga siku tisa. Mitumbwi miwili ilipatikana imekwama kwenye mikoko ya delta, na watoto kumi na mmoja hai. Mpendu hakuwemo. Taarifa ya Karani ilisomwa redioni pande zote mbili: mafuriko makubwa kuliko yote tangu Mkataba kuanza, wakazi walioathirika, hakuna. Kuna watu walipiga vigelegele. Siwalaumu, walikuwa wanausikia ubeti wangu.

Siku ya kumi, asubuhi, mimi na Bi. Twilumba tulikutana tena juu ya lile bamba la shaba. Hatukusalimiana. Nilighani. Akaghani baada yangu, macho wazi, sauti kavu kama jiwe la chokaa.

"Mizani nane, mizani nane. Mizani nane, mizani nane," alisema Karani. "Vina vimetimia. Ubeti umepokelewa. Jina la mtunzi wa mstari?"

"Siwatu binti Ngwele."

"Limeandikwa."

Bi. Twilumba alitoka bila kugeuka. Chupa yake ya togwa ilibaki mezani, na haijafuatwa mpaka leo.

"Karani," nikasema, "hesabu tena Nyamkoga. Watu wa siku ile. Kwa ubeti mpya."

"Tafsiri hairudi nyuma. Naweza kuhesabu Nyamkoga ya leo."

"Hesabu ya leo."

Niliwaona membe wakipita dirishani, weupe, wepesi, wakielekea mashariki. Walichukua dakika kumi na mbili. Walizunguka mbuga yote, nina hakika, kila tuta, kila shimo la nguzo lililojaa matope. Karani hajawahi kufanya kazi nusunusu.

"Nyumba zilizosimama Nyamkoga, za chini na za juu: hakuna," akasema. "Wakazi: hakuna."

Kisha akanitakia mchana mwema.